Msimbo Hauna Kosa, Mradi Umekwama: Kutafuta Hitilafu katika Utawala wa Programu Huria ya Kisayansi

Watunzaji wengi wa programu huria za kisayansi huanza kutafuta tatizo mahali wanapopafahamu, yaani ndani ya msimbo. Toleo likichelewa kwa miezi minne, lawama huangukia majaribio yanayoshindwa. Mchangiaji hodari akiondoka, husemwa kwamba amepata kazi nyingine. Mjadala wa jina la kigezo kimoja ukifikia ujumbe wa mia mbili, huhitimishwa kwamba jambo lenyewe ni gumu. Yote hayo yaweza kuwa kweli. Lakini dalili hizo zikijirudia kwa watu tofauti na katika sehemu tofauti za mradi, hitilafu imo katika namna maamuzi yanavyofanywa, na hakuna marekebisho ya msimbo yatakayoiondoa.

Mwongozo huu unahusu hali hiyo. Mifano yake mingi imetoka NumPy, maktaba ya lugha ya Python inayoshughulikia safu za namba, kwa sababu mradi huo hufanyia mijadala yake hadharani na umeacha kumbukumbu za makosa yake pamoja na za mafanikio yake. Miradi jirani imeongezwa pale inapofundisha jambo ambalo NumPy haikulipitia.

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, andaa karatasi mbili. Katika ya kwanza andika kila mwenye funguo: nani anaweza kuunganisha msimbo kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo ambayo matoleo hutokana nayo, nani anaweza kuchapisha toleo, nani analipia jina la tovuti, nani anaweza kuidhinisha matumizi ya fedha. Katika ya pili andika maamuzi matano ya mwisho yaliyokuwa na ubishi, na kwa kila moja taja tarehe ulipofungwa ubishi huo na mtu au chombo kilichoufunga. Iwapo safu ya mwisho ya karatasi ya pili inabaki tupu, au ikiwa unalazimika kuandika "mambo yalitulia tu," umeshaipata sehemu kubwa ya hitilafu kabla ya kuendelea kusoma.

Dalili: mjadala hauishi, na kila anayerejea huuanza upya

Maelezo ya haraka ni kwamba kuna mkaidi mmoja. Mara nyingi maelezo hayo si sahihi, na hata yanapokuwa sahihi hayasaidii, kwa kuwa mradi wowote wenye watumiaji wengi utapata wakaidi wake. Kuna vyanzo viwili vinavyostahili kuchunguzwa kwanza: ama hakuna mwenye mamlaka ya kusema kwamba suala limefungwa, ama jambo linalobishaniwa limekwisha kuingizwa kwenye tawi kuu, hivyo watu wanabishania kuling'oa huku wakidhani wanabishania kulikubali.

NumPy ilikumbwa na vyote viwili. Mwaka 2011 Mark Wiebe alipendekeza, na kuandika msimbo wake, njia ya kuwakilisha data zilizokosekana, mfano wa kipimo cha mvua ambacho hakikuchukuliwa siku kifaa kilipoharibika. Hitaji hilo lilikuwa la kweli, na watumiaji wa takwimu walikuwa wakililia kwa muda mrefu. Ila chini ya jina moja kulikuwa na mahitaji mawili: wapo waliotaka thamani iliyokosekana ihesabiwe kuwa imepotea kabisa, kama R, lugha ya programu ya takwimu, inavyofanya, na wapo waliotaka thamani ifichwe tu kwa muda na iweze kufichuliwa baadaye. Msimbo uliingia tawi kuu wakati tofauti hiyo haijapata suluhu. Nathaniel Smith na Matthew Brett waliandika mapendekezo mbadala, mijadala ikaendelea hadi mwaka uliofuata, na toleo 1.7 lilipotoka mwezi wa Februari 2013, kipengele chote kilikuwa kimeondolewa. Kazi ya miezi mingi ilirudi kabatini, na mradi haukuwa na utaratibu ulioandikwa ambao mtu angeweza kuunyooshea kidole na kusema hapa ndipo tulipokosea hatua.

Ili kuthibitisha kwamba huo ndio ugonjwa wenu, uliza swali moja: pingamizi la mwisho likiondolewa kesho asubuhi, nani atatangaza kwamba pendekezo limekubaliwa? Waulize watunzaji watatu, kila mmoja peke yake. Ukipata majina matatu tofauti, usiendelee kumlaumu mkaidi.

Tiba ina sehemu ambazo hazifanani kwa uzito. Ile ninayoithamini kuliko nyingine ilitoka katika mgogoro huohuo: mwezi wa Aprili 2012 Wiebe na Smith, waliokuwa pande mbili za ubishi, waliandika kwa pamoja hati moja iliyoeleza wapi wanakubaliana, wapi wanatofautiana, na kwa nini. Hati hiyo imehifadhiwa kama NEP 26 katika mfululizo wa mapendekezo ya maboresho ya NumPy. Haikumaliza tofauti, lakini iliwaondolea wasomaji mzigo wa kupekua mamia ya ujumbe, na ilimlazimu kila mmoja wa waandishi kuieleza hoja ya mwenzake kwa maneno ambayo mwenzake angeyakubali. Mradi ambao wapinzani wake hawawezi kuandika hati ya namna hiyo bado haujafika kwenye swali la kura. Bado hawajui wanabishania nini.

Sehemu ya pili ni ngazi ya kupandia mwafaka unaposhindikana. Katika hati ya utawala ambayo NumPy ilijiandikia mwaka 2015 na kuirekebisha baadaye, uamuzi hutafutwa kwanza kwa mwafaka wa wachangiaji; ukishindikana hupelekwa kwa Baraza la Uendeshaji, ambalo nalo hutafuta mwafaka; na likikwama kabisa, wingi wa kawaida wa wajumbe hutosha. Hati hiyo pia inawataka wajumbe wapambanue pingamizi la msingi na kasoro ndogo wanayoweza kuishi nayo, ili kasoro ndogo isizuie uamuzi. Wakfu wa Apache, shirika linalosimamia miradi ya programu huria na ambalo miradi mingi imeazima kwake desturi ya kupiga kura kwa namba (+1 ya kukubali, -1 ya kukataa), unadai kwamba anayepiga kura ya -1 dhidi ya badiliko la msimbo atoe sababu ya kiufundi. Bila sababu, kura hiyo haina nguvu ya kuzuia. Ngazi kama hii hutumika mara chache sana, na hilo si hoja ya kuifuta, kwa kuwa watu wanaojua kwamba ubishi una mwisho huishi nao kwa utulivu zaidi.

Sehemu ya tatu ni nidhamu tu: kisichokubaliwa kisiingie tawi kuu, hata kama mwandishi wake analipwa hadi mwisho wa mwezi na muda unamwishia.

Dalili: hakuna anayejibu, kisha badiliko likipita watu wanalalamika

Miradi mingi hutumia kanuni kwamba anayenyamaza amekubali. NumPy inaitumia kwa mapendekezo yake: mwandishi akitangaza kwamba anakusudia pendekezo likubaliwe, na siku 7 zikapita bila pingamizi la maana, pendekezo laweza kuhesabiwa limekubaliwa. Kanuni hii ni nzuri kwa sababu inawaokoa watu wenye shughuli nyingi wasilazimike kuandika "naafiki" kila wiki. Hata hivyo Waswahili hawakukosea waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kabla ya kukihesabu kimya kuwa ridhaa, chunguza iwapo tangazo liliwafikia watakaoumia.

Katika programu za kisayansi watakaoumia kwa kawaida hawamo kwenye mradi kabisa. Ni mtafiti wa hali ya hewa ambaye programu yake iliandikwa na mwanafunzi aliyehitimu zamani, ni maabara inayosasisha kompyuta zake mara moja kila baada ya miaka miwili, ni watunzaji wa maktaba nyingine zinazotegemea yenu. Hao hawawezi kupinga ndani ya siku 7 jambo ambalo hawajui lipo. Ndiyo maana sera ya NumPy kuhusu kuondoa tabia za zamani inataka onyo litolewe kwanza na tabia hiyo ibaki kwa walau matoleo mawili, muda unaokaribia mwaka mmoja, kabla haijaondolewa. Muda huo ni chombo cha utawala kwa kiwango kilekile ambacho ni chombo cha uhandisi: ndio kikao pekee ambacho mtumiaji asiyejulikana anaalikwa. Ukiona malalamiko huja baada ya toleo na kamwe si kabla yake, refusha kipindi cha onyo kwanza, kisha ndipo ufikirie kubadili kanuni ya kimya.

Dalili: kila kitu kinamsubiri mtu mmoja

Hii ni dalili rahisi kuiona na ngumu kuitibu, kwa sababu anayesubiriwa kwa kawaida ndiye mwema kuliko wote. Yeye ndiye anayejua kwa nini sehemu fulani iliandikwa ilivyo, hujibu hata siku za sikukuu, na hajawahi kumnyima mtu ufunguo; ni kwamba hakuna aliyewahi kuomba. Kipimo chake ni likizo. Mwombe akae mbali na mradi kwa wiki tatu, bila kujibu chochote, na uandike kila kinachosimama. Orodha hiyo ndiyo mpango wenu wa kazi wa miezi sita ijayo.

Miradi iliyochelewa kufanya jaribio hilo kwa hiari ililazimika kulifanya bila kupenda. John D. Hunter, aliyeitoa Matplotlib mwaka 2003 kwa ajili ya kuchora grafu za utafiti wake, alifariki mwezi wa Agosti 2012. Mradi uliendelea kwa sababu Michael Droettboom alikuwa ameshazama ndani yake na aliweza kuushika. Bila mtu wa namna hiyo, maelfu ya makala za kisayansi zilizochorwa kwa programu hiyo zingekuwa zimeegemea ukuta usio na fundi. Mfano wa pili ni lugha yenyewe ya Python. Guido van Rossum, ambaye jumuiya ilimpa kwa utani cheo cha dikteta mwema wa maisha, alijiuzulu nafasi ya uamuzi wa mwisho mwezi wa Julai 2018, akiwa amechoshwa na ubishi juu ya PEP 572, pendekezo la alama moja ya kupeana thamani ndani ya usemi. Hakuteua mrithi na hakuacha katiba. Wachangiaji walitumia miezi kadhaa kuandika mifumo mbalimbali ya utawala, wakapiga kura mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na kuchagua baraza la watu 5 ambalo huchaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba alama ile ilikuwa imeshakubaliwa. Kilichomwondoa ni gharama ya kuwa mtu pekee ambaye kila asiyeridhika alijua mahali pa kumpata.

Tiba, basi, haiishii kwenye kugawa funguo. Inagawa lawama pia. Baraza la watu kadhaa linapokataa jambo, hasira hutawanyika, na mjumbe aliyechoka anaweza kupumzika mwaka mmoja bila mradi kuonekana umeachwa. Lakini baraza nalo huota kutu: majina hubaki ukutani baada ya watu kuhamia kazi nyingine, na siku ya kura akidi haipatikani. Hati ya NumPy hulishughulikia hilo kwa kumtaka mtu awe amechangia kwa kiwango cha maana kwa walau mwaka mmoja kabla ya kuingia barazani, na kwa kumfuata mjumbe ambaye hajashiriki kwa mwaka mmoja ili aulizwe kama anakusudia kurudi. Swali hilo likiulizwa kwa kila mtu kwa kalenda, halimfedheheshi mtu. Likisubiri mpaka wenzake wakasirike, linageuka kufukuzwa.

Nyongeza ndogo: si kila mradi wenye mlango mwembamba ni mgonjwa. Tangu mwaka 1997 msimbo wa msingi wa R umekuwa mikononi mwa kikundi kidogo kinachoitwa R Core Team, na mlango huo haujawahi kupanuliwa kwa kura za wengi. Wanaolalamika wapo. Lakini R inajulikana kwa uthabiti wake, na uwanja wa vifurushi vinavyochangiwa na watu wengine uko wazi pembeni yake. Tatizo ni mtu mmoja. Kikundi kidogo kinachojulikana, chenye kuzidi mtu mmoja kwa kila ufunguo, ni uchaguzi unaoweza kutetewa.

Dalili: mgeni mkarimu anapewa funguo kwa kuhimizwa

Dalili hii huonekana kama afya. Mtunzaji amechoka, mchangiaji mpya anatuma kazi safi kila wiki, na sauti nyingine zisizofahamika zinaanza kuuliza kwa nini mtu huyo hajapewa madaraka. Ndivyo ilivyokuwa kwa xz, programu ya kubana data inayotumika ndani ya mifumo mingi ya Linux, ikiwemo ile inayoendesha kompyuta za utafiti. Aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mwaka 2021, shinikizo kwa mtunzaji likaongezeka mwaka 2022, na mwanzoni mwa mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka yakiwa na mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kumwingiza mvamizi kwenye kompyuta. Uligunduliwa mwezi wa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund, aliyeshuku kwa sababu kuingia kwenye mashine kwa njia ya mbali kulichelewa kwa takriban nusu sekunde.

Chanzo chake ni kilekile cha dalili iliyotangulia, ila kimeachwa mpaka kikapata mnyonyaji. Usikitibu kwa kuwashuku wageni wote, maana mradi usiopokea wageni hufa pia. Weka masharti ya kupewa ufunguo hadharani kabla ya kumjua atakayeuomba, hitaji watunzaji wawili waafiki, na tenganisha haki ya kuunganisha msimbo na haki ya kuchapisha toleo. Shinikizo la haraka lijibiwe kwa kusoma masharti hayo kwa sauti.

Dalili: uamuzi hufika mkutanoni ukiwa umeshapikwa

Fedha ndizo huileta dalili hii, na huja pamoja na mambo mengi mema. Kwa miaka zaidi ya kumi NumPy ilitunzwa kwa muda wa ziada wa watu wenye kazi nyingine. Ruzuku zake za kwanza mahususi zilitangazwa mwaka 2017 na wakfu mbili za Marekani, Gordon and Betty Moore na Alfred P. Sloan, zikafikia jumla ya karibu dola milioni 1.3, na kazi ikafanyika katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Watu wachache wanaolipwa, wanaokaa jengo moja, watajadili mambo wakinywa kahawa. Hakuna njama yoyote hapo. Hata hivyo mchangiaji wa kujitolea aliyeko mbali ataona pendekezo limekuja likiwa na majibu ya kila swali, na ataelewa kwamba nafasi yake ni ya kushangilia.

Kipimo: chukua maamuzi makubwa ya mwaka uliopita na utafute mahali ambapo wazo lilitajwa hadharani kwa mara ya kwanza. Ikiwa kutajwa kwa kwanza na uamuzi vimetengana kwa siku chache, mjadala ulifanyika kwingine. Kisha hesabu wanaotegemea mwajiri mmoja. Hati ya NumPy ina kamati ndogo ya watu 5 inayoshughulika na NumFOCUS, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2012 ambalo huushikia mradi fedha zake, na katika kamati hiyo wasiozidi 2 wanaweza kuwa chini ya mtu au kampuni moja kwa ajira au mkataba. Baraza la Python lina kikomo kama hicho: wajumbe 2 kati ya 5 kwa mwajiri mmoja. Kanuni hizi hazimtuhumu mtu, na ndiyo maana ni rahisi kuzipitisha mapema, wakati hakuna kampuni ambayo tayari ina viti vitatu.

Mikutano ya simu inastahili kuangaliwa pia. Kikao cha saa nne asubuhi huko California huwa saa mbili au saa tatu usiku Dar es Salaam na Nairobi, kutegemea majira ya huko, na mwenye watoto wa kulaza hatakuwepo. Jambo likiamuliwa ndani ya simu, limeamuliwa bila yeye. Mikutano ijadili, kumbukumbu zichapishwe, na uamuzi usubiri maandishi.

Dalili: ugomvi juu ya jina kwenye makala

Hili ni gonjwa la programu za kisayansi hasa, kwa sababu kwa mtafiti makala ndiyo mshahara wa kesho. Makala ya NumPy katika jarida la Nature, mwaka 2020, ilibeba majina 26. Ile ya SciPy, maktaba ya hesabu za kisayansi iliyojengwa juu ya NumPy, katika Nature Methods mwaka huohuo, iliongeza mwandishi wa pamoja, yaani wachangiaji wote wa SciPy 1.0 kama kundi. Njia zote mbili zinaweza kufanya kazi, mradi kigezo kiandikwe kabla ya rasimu ya kwanza. Kigezo kikiandikwa baada ya rasimu, kila sentensi yake husomwa kama jina la mtu.

Dalili: hati ya utawala ipo, na hakuna anayeifuata

Kwa kawaida ilinakiliwa kutoka mradi mkubwa zaidi. Mradi wa watu wanne hauhitaji kamati tatu. Kata mpaka ibaki kurasa mbili ambazo watu hao wanne wanaweza kuzieleza bila kuzifungua.

Tiba zote zikishindikana

Leseni huria inamruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuanzisha mradi wake, na haki hiyo ndiyo inayowafanya watawala wa mradi wasikilize. Kabla ya kuitumia, angalia NumPy ilitoka wapi. Maktaba ya kwanza ya safu za namba kwa Python, Numeric, ilianza mwaka 1995 kwa kazi ya Jim Hugunin. Miaka michache baadaye taasisi inayohudumia darubini ya Hubble ilijenga Numarray, kwa sababu Numeric haikuwatosha kwa safu kubwa za picha za anga. Numeric nayo ilibaki na kasi zaidi kwa safu ndogo. Kila kundi lilikuwa na sababu nzuri za kiufundi. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwandishi wa programu yoyote ya juu yao alilazimika kuchagua upande, na programu mbili za maabara moja zingeweza kushindwa kupeana data. Travis Oliphant alianza kuziunganisha mwaka 2005, akatoa NumPy 1.0 mwezi wa Oktoba 2006, na ushonaji huo ulimgharimu muda ambao angeutumia kwa utafiti wake mwenyewe. Kwa hiyo anayependekeza kuchepuka aombwe aongeze mstari mmoja katika pendekezo lake: baada ya miaka mitano, watumiaji wakichoka kubeba maktaba mbili, nani atakayekaa chini kuzishona?